Nywila ya wodi nzima, jina la mtu mmoja

SWALI: Mimi ni muuguzi wa wodi. Mwaka jana tuliacha mafaili ya karatasi tukahamia kwenye kompyuta. Kompyuta ni mbili tu, na kuingia kwenye mfumo kunachukua muda, kwa hiyo anayefika wa kwanza kwenye zamu anaingia kwa nywila yake na sisi wengine tunaendelea kutumia hapo hapo mpaka zamu iishe. Hivi karibuni muuguzi mwenzetu wa kitengo kingine alilazwa kwetu. Siku chache baadaye majibu yake ya maabara yalikuwa midomoni mwa watu. Sasa matroni ameniita: mfumo unaonyesha faili lake lilifunguliwa kwa jina langu saa 8 usiku. Sikulifungua mimi, na hakuwa mgonjwa wangu. Kundi letu la WhatsApp, ambalo tunatumiana picha za vidonda na majibu ya vipimo, limenyamaza ghafla. Nijitetee vipi? Na je, nina kosa?

JIBU: Nianze na swali la pili kwa sababu jibu lake ni fupi. Ndiyo, una kosa, ila si lile unalotuhumiwa.

Barua yako inagusa makosa mawili, na usipoyatenganisha mapema kikao kitayafanya moja. La kwanza ni kuiacha akaunti yako wazi ili wengine waitumie. Hilo umelifanya, wodi nzima inalifanya, na usilikane. La pili ni kufungua faili la mtu usiyemhudumia na kuyatoa nje yaliyomo. Hilo unasema hukulifanya, nami nakujibu kwa kukuamini. Nimeshaona watu wakikana la kwanza ili waonekane safi, wakajinasa kwenye la pili. Maana kama nywila ni yako peke yako na hakuna mwingine aliyewahi kuitumia, aliyefungua faili saa 8 usiku ni nani kama si wewe?

Kwa hiyo badilisha nywila leo, kisha uandike maelezo yako kabla hujaitwa tena. Ukurasa mmoja unatosha. Andika tarehe, zamu uliyokuwa nayo, saa uliyoingia kwenye mfumo, nani walikuwa zamu moja nawe, na desturi ya wodi ya kutumia akaunti moja ilianza lini na nani wanaijua. Usimtaje mtu unayemshuku. Hujamwona, na kumtaja mtu kwa kubahatisha ni kumtendea yale yale unayotendewa wewe.

Sasa tuje kwenye ushahidi wenyewe. Watu wengi wakionyeshwa karatasi iliyotoka kwenye kompyuta na jina lao limeandikwa humo, hukata tamaa, kana kwamba mashine imewaona kwa macho. Kumbukumbu za mfumo zinaona akaunti tu: akaunti fulani, kwenye mashine fulani, saa fulani, ilifungua faili fulani. Nani alikuwa amekaa kwenye kiti, hazijui. Lakini zinajua mambo mengine mengi ambayo pengine matroni hakuyaomba, kwa kuwa aliomba jibu la swali moja tu, nani alifungua. Omba kwa maandishi kitengo cha kompyuta kitoe mtiririko mzima wa akaunti yako usiku ule, kuanzia ulipoingia hadi ilipofungwa.

Mtiririko huo ndio utakaosema. Aliyefungua faili lile hakuikalia kompyuta kwa ajili hiyo tu. Dakika chache kabla huenda alikuwa anaandika joto la mgonjwa wa upande wa pili wa wodi, na baada ya hapo akaweka dawa za mwingine. Ukiwekwa mtiririko huo sambamba na mgawanyo wa wagonjwa wa zamu ile, itaonekana kazi iliyokuwa ikifanyika kwa jina lako wakati huo ilikuwa ya wagonjwa wa nani. Na wewe ulikuwa wapi? Kama ulikuwa umemwanzishia mgonjwa damu, zile dakika 15 za mwanzo hukuondoka kitandani kwake, na chati yake ina vipimo ulivyoandika kwa mkono wako. Waulize pia faili lilifunguliwa kwenye mashine ipi, lilikaa wazi muda gani, ni kurasa zipi zilizosomwa, na kama kuna kilichochapishwa. Aliyekosea jina hutoka baada ya sekunde chache. Anayeenda moja kwa moja kwenye majibu ya maabara na kukaa hapo dakika 4 alijua anachotafuta.

Jambo dogo lakini limewahi kumwokoa mtu: hakikisheni saa. Mfumo huandika 02:14, mwingine kwenye kikao anasoma saa 2 na dakika 14, mwingine saa 8 na dakika 14 usiku, na hapo hapo saa ya kompyuta ya wodi imechelewa kwa dakika 40 tangu umeme ulipokatika. Kabla ya kubishana nani alikuwa wapi, kubalianeni kwanza ilikuwa saa ngapi.

Na kuna mtego ambao wauguzi wazuri huingia kwa nia njema kabisa. Usifungue tena faili la mwenzako ili uone kilichotokea. Usipige picha chati ya mgonjwa yeyote ili uwe na ushahidi. Ukifanya hivyo utakuwa umelitenda lile kosa la pili kwa mkono wako, safari hii bila utata. Chati wazitoe wanaochunguza. Wewe waambie tu ni chati gani na ya saa ngapi. Na ujumbe wa kundi la WhatsApp usiufute sasa, hata kama unakuaibisha. Acheni kuweka vipya, lakini kufuta katikati ya uchunguzi kunasomeka kama kuficha.

Labda umeanza kuzichukia kumbukumbu hizi. Nikueleze kisa cha muuguzi mwingine, aliyeumizwa kwa sababu hazikuwepo.

Alikuwa Finland. Mahakama ilimficha jina, kwenye kumbukumbu zake anaitwa I tu. Mwaka 1987 aligunduliwa kuwa na virusi vya ukimwi, na kuanzia 1989 akawa anafanya kazi kwa mikataba ya muda katika kliniki ya macho ya hospitali ile ile aliyokuwa akitibiwa. Mwanzoni mwa 1992 alianza kuhisi wenzake wanajua. Wakati huo mfanyakazi yeyote wa hospitali aliweza kulifikia daftari la wagonjwa. Alipolalamika, hospitali ilimsajili kwa jina la bandia na kulizuia faili lake lisomwe na wasiomtibu. Lakini alipotaka kujua nani walikuwa wamelisoma, aliambiwa haiwezekani: mfumo ulionyesha mara 5 za mwisho tu, tena kwa kitengo, jina la mtu halikuwepo, na hata hizo zilifutwa faili liliporudi kwenye hifadhi. Alikwenda mahakamani nchini kwake akashindwa, kwa kuwa hakuweza kuthibitisha kwamba faili lake lilisomwa isivyo halali. Angethibitishaje? Tarehe 17 Julai 2008 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu ikaamua kwamba Finland ilikiuka haki yake ya faragha. Hoja ya mahakama iko wazi: haikuwa haki kumtwika mgonjwa mzigo wa kuthibitisha, wakati kilichokosekana ni kumbukumbu ambazo hospitali ilipaswa kuzitunza. Haitoshi kumwahidi mgonjwa fidia siri ikishavuja. Lazima kuwe na kinga inayofanya kazi kabla haijavuja.

Soma tena desturi ya wodi yenu ukiwa na kisa hicho kichwani. Mfumo wenu, tofauti na ule wa zamani wa Finland, unaandika kila kitu. Nyinyi wenyewe ndio mliourudisha 1992. Watu wanane kwenye akaunti moja ni sawa na kutokuwa na kumbukumbu, na aliyepoteza zaidi si wewe unayesumbuliwa na kikao; ni mwenzenu aliyelala kitandani, ambaye akiuliza nani kalisoma faili lake atatajiwa jina lisilo na maana.

Sisemi haya kwa kujiona bora. Miaka yangu ya kwanza wodini, kwenye hospitali ambayo sitaitaja, nami niliacha akaunti wazi kila zamu. Siku moja daktari alinipigia kuuliza kwa nini nimeandika shinikizo la damu la mgonjwa ambaye saa ile alikuwa chumba cha upasuaji, ghorofa ya chini. Mwenzangu alikuta ukurasa umefunguka kwa jina langu, akaandika vipimo vya mgonjwa wake bila kutazama jina lililo juu. Mgonjwa hakudhurika. Lakini kama ingekuwa dozi ya insulini, jina langu ndilo lingekuwa chini ya ile insulini. Tangu siku hiyo nywila naiona kama saini. Hakuna muuguzi anayesaini karatasi tupu kumi asubuhi akaziacha mezani.

Hata hivyo sikubaliani na wakuu wanaotundika tangazo la “Usitoe nywila yako” kisha wakarudi ofisini kwao. Mfumo unaochukua dakika 3 kuingia, wodi yenye wagonjwa 30 na kompyuta 2, muuguzi anayepaswa kuandika dawa za saa 12 jioni kabla ya saa 1: hapo nywila itagawanywa tu, hata mkiapishwa. Kwenye maelezo yako ongeza aya moja kuhusu hili, bila jazba. Wodi inahitaji njia ya kuingia haraka, kwa kadi ya kazi au alama ya kidole kama vifaa vipo. Inahitaji skrini inayojifunga yenyewe ikiachwa, lakini inayomrudisha mtu pale pale alipokuwa; ikimrudisha mwanzo wa safari ataitafutia dawa, nami nimeona kipanya kikiwekwa juu ya saa ya mkononi ili mshale usogee na skrini isilale. Wanafunzi na wauguzi wa muda wapewe akaunti zao siku wanayoripoti, kwa sababu hawa ndio huwa wa kwanza kuazima. Na pawe na mlango wa dharura: faili lililozuiwa liweze kufunguliwa mgonjwa akizidiwa, mradi anayelifungua anaandika sababu na mtu mwingine anaipitia kesho yake.

Ulidokeza kwamba hakuwa mgonjwa wako, na hapo umegusa kiini. Mifumo mingi ya hospitali imejengwa kwa hofu ya kuzuia matibabu, kwa hiyo inaruhusu zaidi ya inavyopaswa. Muuguzi wa wodi anaweza kufungua faili la mtu wa wodi nyingine, na kwa kuwa mashine imemfungulia, anadhani ameruhusiwa. Kipimo ni kimoja: je, unahitaji kujua hili ili umhudumie mtu huyu, sasa hivi? Huruma haimo. Kuwa jirani yake haimo. Kutaka kujua kama ashaamka ili umpelekee salamu haimo. Nenda mlangoni ukaulize kama watu wengine. Hata shemeji akikuomba umwangalizie majibu yake kwa sababu “wewe uko humo humo”, mwelekeze kwa wanaomtibu.

Udadisi huu si wa watu wabaya. Mwaka 2007 mwigizaji George Clooney alipata ajali ya pikipiki akatibiwa hospitali moja ya New Jersey, Marekani, na wafanyakazi 27 wakasimamishwa kazi mwezi mzima kwa kuchungulia faili lake. Clooney mwenyewe alisema angependa yaishe bila watu kusimamishwa. Naelewa huruma yake, ila yeye ni mtu maarufu aliyezoea kutazamwa. Mfanyakazi mwenzako anayelazwa pale pale anapofanyia kazi yuko hatarini kuliko mwigizaji, maana wanaotamani kumsoma atakula nao chakula cha mchana wiki ijayo. Kwa mafaili ya namna hii, ya wafanyakazi na ndugu zao, nashauri hospitali iyapitie yote kila wiki hata kama hakuna aliyelalamika. Uchunguzi wenu umeanza kwa sababu maneno yalishaenea. Ungeanza siku ya pili, labda yasingefika kantini.

Kuhusu kundi la WhatsApp. Mtu atakuambia kwamba ujumbe wake umesimbwa kwa siri tangu 2016, hakuna wa katikati anayeweza kuusoma. Ni kweli, na haisaidii kitu hapa. Usimbaji unaulinda ujumbe ukiwa njiani, ilhali siri za wodi huvuja zikishafika. Picha ya kidonda inajihifadhi yenyewe kwenye albamu ya simu, katikati ya picha za harusi, na kutoka hapo inapanda kwenye hifadhi ya wingu ya mtu binafsi ambayo hospitali haina ufunguo wake. Mtoto anaomba simu acheze gemu. Ujumbe unachomoza kwenye skrini iliyofungwa, simu ikiwa mezani. Muuguzi aliyehamishwa miezi 6 iliyopita bado yumo kundini kwa sababu kumtoa kunaonekana ni kumvunjia heshima. Na lile kosa la kutuma kwenye kundi la ukoo kilichokusudiwa kundi la wodi, nani hajawahi kulifanya?

“Lakini hatuandiki jina.” Nalijua hilo jibu. Mtafiti wa Marekani, Latanya Sweeney, aliwahi kuchukua data za hospitali za Massachusetts zilizoondolewa majina, akazioanisha na daftari la wapiga kura, akalipata faili la gavana mwenyewe. Mwaka 2000 alikadiria kwamba tarehe ya kuzaliwa, jinsia na namba ya posta vinatosha kumtofautisha mtu na wengine wote, kwa takriban asilimia 87 ya Wamarekani. Na hiyo ni nchi nzima. Kundi lenu ni la watu wa wodi moja, ambao wanajua nani yuko kitanda cha 6. Chale mkononi, rangi ya shuka, alama ya kuzaliwa, ugonjwa usio wa kawaida: kwa mtu wa ndani hayo ni jina kamili. Hata barua yako uliyoniandikia, samahani kusema, ilinibidi niipunguze kabla ya kuichapa. Ulitaja umri wa mwenzako, kitengo chake, siku aliyolazwa na kipimo alichofanyiwa. Hukumtaja jina, lakini mtu yeyote wa hospitali yenu angemjua.

Kundi libaki kwa ratiba za zamu na nani anaweza kumshikia nani. Majibu ya vipimo yasomwe kwenye mfumo, au kwa simu kwa daktari, naye ayarudie kwa sauti ili kuhakikisha ameyasikia sawasawa. Kidonda kikihitaji kuonwa na daktari asiyekuwepo, kipigwe picha kwa kifaa cha hospitali, mgonjwa akiwa ameelezwa na amekubali, na picha iingie kwenye faili lake. Aliyelewa dawa ya usingizi hajakubali chochote, hata akitikisa kichwa.

Nina hofu moja ninapoandika haya, kwamba utatoka kwenye kikao umeogopa kiasi cha kutosema kitu. Nimewaona wauguzi walioadhibiwa wakawa wanakabidhiana zamu kwa mafumbo, mpaka wa usiku asijue kwamba mgonjwa ana mzio wa penisilini. Usiri haukuwekwa kati ya wanaomtibu mtu mmoja. Mwambie anayekupokea zamu kila anachohitaji, kitandani au pembeni, kwa sauti ambayo kitanda cha jirani hakiisikii. Daktari apewe yote. Magonjwa ambayo sheria inataka yaripotiwe, ripoti. Mtoto mwenye alama za kupigwa, usimfunikie mzazi kwa jina la faragha. Ahadi hii ni ya zamani kuliko kompyuta zote: iko kwenye kiapo cha wauguzi kilichoandikwa Detroit mwaka 1893 na kupewa jina la Nightingale, ingawa si yeye aliyekiandika, na imo kwenye maadili ya Baraza la Kimataifa la Wauguzi yaliyopitishwa mara ya kwanza 1953. Zamani siri ilihitaji mtu aibebe mdomoni hadi nje ya wodi. Sasa kubofya mara mbili kunatosha.

Kikaoni nenda na mtu, wa chama chenu cha wauguzi kama unacho, au mwenzako mnayeaminiana. Likubali la akaunti kabla hujaulizwa. Omba mtiririko mzima wa usiku ule uwekwe mezani. Na uulize swali ambalo huenda hakuna aliyeliuliza: je, mgonjwa mwenyewe ameshaambiwa rasmi kwamba faili lake lilifunguliwa isivyostahili? Mpaka sasa inawezekana amesikia kama walivyosikia wengine.

Utakutana naye pia, bila shaka. Moyo utakutuma umwambie pole. Mwombe radhi kwa lililo lako, kwamba uliacha akaunti yako wazi na mtu akaitumia kumuumiza, na uishie hapo. Usimpe pole ya ugonjwa, usimshauri dawa, usimwambie kwamba siku hizi unatibika. Hukumtibu na hakukueleza, kwa hiyo ugonjwa wake huujui.